Usiache sehemu ya chama wazi kama unataka kumchagua meya wa New York

Mkuu, simama hapohapo. Hiyo fomu usiitume.

Umeandika kwamba umekula kiapo cha uraia wiki iliyopita, unaishi Bronx, na unataka kujiandikisha ili 2029 umchague meya. Pale penye chama unasema utaacha wazi kwanza, na "mwezi wa tano wa mwaka wa uchaguzi, nikishawajua wagombea, ndiyo nitachagua chama". Umeuliza na mengine: kitambulisho na kupiga kura mapema. Nitayafikia. Ila hilo la mwezi wa tano limeninyima usingizi, na nimetoka zamu ya usiku. Ndilo nililolifanya mimi, hatua kwa hatua, na mpaka leo linaniuma.

Nilijiandikisha 2018, mwaka uleule nilioapa. Kwenye fomu kuna mahali wanakuuliza kama unataka kuingia chama: Democratic, Republican, Conservative, Working Families, au hutaki chama chochote. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukisema umeingia chama, watu wanaelewa una kadi, unalipa ada, unaonekana vikaoni, na jirani wa chama kingine anaanza kukuangalia kwa jicho jingine. Nikasita. Nikampigia mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa siku nyingi Marekani, yule ambaye hakuna msiba wala harusi asiyosimama kuzungumza. Hakufikiri hata sekunde mbili. "Acha wazi. Huku chama si lazima. Siku ya kura unaingia tu, unamchagua unayemtaka." Nikamshukuru, nikaacha wazi.

Kumbe mzee kabla ya kuhamia huku aliishi Minneapolis miaka chungu nzima. Minnesota, jimbo la mji huo, hakuna kabisa mambo ya kujiandikisha na chama, na meya wa Minneapolis anapatikana kwa kura moja tu ya Novemba, unawapanga wagombea wako hadi watatu, imeisha. Kwa Minneapolis alisema kweli. Chicago na Los Angeles nako kura ya meya haina chama, kila aliyejiandikisha anapiga. New York ina sheria zake! Na hiki ndicho kinachonikera mpaka leo: mtu anajua sheria ya mji mmoja, anaigawia Marekani nzima kwa sauti ya uhakika, wala hakuulizi kwanza unaishi wapi. Elimu ya namna hiyo ni heri asiyejua kabisa, maana huyo atakwambia kaulize kwingine.

Sasa sikiliza New York ilivyo. Meya anapigiwa kura mara mbili. Juni kila chama kinachuja wagombea wake, zile ambazo nyumbani tunaziita kura za maoni. Novemba ndiyo kura ya wote. Ule mchujo wa Juni umefungwa: asiyeandikishwa na chama hapewi karatasi ya chama hicho. Jiji lina wanachama wa Democratic zaidi ya milioni 3, Republican ni laki 5 na ushee, na wasio na chama ni kama milioni 1. Kwa hesabu hiyo, miaka mingi anayeshinda mchujo wa Democratic ndiye meya, Novemba anakwenda kuthibitishwa tu. Milioni nzima ya watu wanabaki nje ya mlango, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2021. Meya wa wakati huo, De Blasio, alikuwa anamaliza mihula yake miwili, kiti kiko wazi, na kwenye karatasi ya Democratic kulikuwa na majina 13. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mchujo wa meya kupigwa kwa mtindo wa kupanga: unaandika wa kwanza wako, wa pili, mpaka wa tano. Mimi nilikuwa nimeshapata wangu. Mtaa wetu mifuko ya taka ilikuwa inalala barabarani, panya wanapita mchana kweupe, na Kathryn Garcia ndiye aliyewahi kuongoza idara ya usafi ya jiji. Nikasema huyu anajua kazi. Nikafuatilia midahalo yote, nikawapanga na wanne wa nyuma yake kwenye karatasi niliyobandika mlangoni mwa friji.

Mwezi wa tano, nikiwa njiani kwenda kazini, nikasikia redioni kwamba asiye na chama hatapiga kura ya Juni. Jioni ileile mimi na mke wangu tukajaza fomu upya, tukaweka alama kwenye chama, asubuhi nikaziposti. Nikapumua. Nilidhani nimewahi.

Hapa ndipo penye mtego, mkuu, soma polepole. Mtu ambaye hajawahi kujiandikisha kabisa anaweza kujiandikisha na kuchagua chama karibu kabisa na mchujo, siku hizi ni mpaka siku 10 kabla. Lakini wewe uliyekwisha kujiandikisha ukaacha wazi, ukitaka kuweka chama unahesabika unabadili chama, na fomu ya kubadili lazima iwe imewafikia kabla ya kupita tarehe 14 Februari ya mwaka huo. Ikichelewa hata kidogo haikataliwi, wala hawakupigii simu. Inawekwa kando, inaanza kazi wiki moja baada ya mchujo kupita. Kwa hiyo aliyelala mpaka Mei bila kujiandikisha anakuwa na haki kuliko wewe uliyewahi miaka mitatu mapema! Ndiyo maana nasema mpango wako wa mwezi wa tano ni shimo, na umejichagulia mwenyewe lilelile nililoangukia mimi.

Tarehe 22 Juni 2021 nimetoka kazini asubuhi, nimempitia mke wangu, tumekwenda shule ya msingi ya mtaani kwetu. Dada wa mapokezi akatafuta jina langu kwenye tableti yake. Akalipata. Akaangalia tena, akasema kwa upole, "Umeandikishwa, lakini huna chama." Nikamwambia nimetuma fomu mwezi uliopita. Akauliza mwezi gani. Nilipotaja Mei akanyamaza kidogo, halafu akanipa karatasi ya kura ya kiapo: unajaza, unaapa kwamba una haki ya kupiga, unaifunga ndani ya bahasha, wao wanakwenda kuchunguza baadaye. Nilijaza majina yangu matano kwa mwandiko wa mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba. Wiki chache baadaye barua ikaja: kura haikuhesabiwa, hukuwa mwanachama. Ya mke wangu nayo hivyohivyo. Na kadi zetu mpya, zenye jina la chama, zikafika Julai, matokeo yameshatangazwa.

Unajua matokeo yalikuwaje? Raundi ya kwanza Eric Adams aliongoza kwa karibu asilimia 31. Wakawa wanamtoa wa mwisho, kura zake wanawagawia waliofuata kwenye orodha za watu, mpaka wakabaki wawili, Adams na Garcia. Katika kura karibu laki 8 walizobaki nazo hao wawili, Adams alishinda kwa kura 7,197. Elfu saba! Novemba akamshinda Curtis Sliwa wa Republican kwa theluthi mbili ya kura na hakuna aliyeshtuka. Mimi siku hiyo nilipiga, ndiyo, nikarudi nyumbani kama mtu aliyekwenda kuhani siku ya arobaini.

Tena sijakwambia linaloniuma zaidi. Yale maneno ya mzee, "acha wazi", niliyasambaza mimi. Mke wangu aliacha wazi kwa sababu yangu. Shemeji yangu na majirani wawili, Mkongo na Mrundi, waliponiuliza niliwajibu kwa sauti ileile ya uhakika niliyoisikia kwenye simu. Sisi watano tusingeziba pengo la elfu saba, najua. Lakini kila msikiti na kila kanisa la wahamiaji hapa jijini lina watu walioambiwa "acha wazi" na mtu anayemheshimu. Mrundi yule aliniuliza, "Sasa kaka, wewe uliyasoma wapi?" Sikuwa na jibu. Mzee nilikutana naye Idi ya Julai ile, nikamweleza yote, akaniambia, "Si utapiga Novemba." Sijampigia tena kuuliza jambo lolote la serikali.

Hofu yako ya kuonekana mwanachama naielewa, niliibeba mwenyewe. Chama cha kwenye ile fomu hakina ada, hakina kikao, hakuna atakayekuja kukupeleka mkutanoni. Novemba unampigia wa chama chochote, hakuna anayeona. Ukweli mmoja usiufiche: orodha ya wapiga kura pamoja na vyama vyao si siri, mtu anaweza kuiona. Kura yako hawaioni. Kama moyo wako uko Republican, weka Republican, upige mchujo wao. Nisichotaka ni uache tupu.

Kuna atakayekuja hapa chini aseme kwamba mameya wa zamani Giuliani na Bloomberg walishinda kwa tiketi ya Republican, na kwamba Novemba 2025 ilikuwa moto. Ni kweli. Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, alishindwa na Zohran Mamdani kwenye mchujo wa Juni 2025, akagombea tena Novemba bila chama, na kura zikavuka milioni 2, jambo ambalo halijatokea tangu 1969. Lakini nani alimweka Mamdani kwenye tiketi ya Democratic? Ni watu wa Juni. Huyu amezaliwa Kampala, baba yake Mahmood Mamdani alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70, na Juni ile Waganda niliofanya nao kazi walikuwa wanazungumza habari zake usiku kucha. Mmoja wao, mama wa makamo, alivaa vizuri akaenda kituoni. Hakuwa na chama. Alirudi kazini jioni na uso ule nilioubeba mimi 2021, nikashindwa hata kumpa pole.

Mimi na mke wangu safari hiyo tulipiga mapema, siku ya Jumapili, majina yote matano. Hilo nalo usilipuuze: 2021 kura kama laki 1 na elfu 40 hazikufika raundi ya mwisho, kwa sababu wenyewe hawakumpanga Adams wala Garcia popote. Jaza nafasi zote kama una watu watano unaoweza kuishi nao. Novemba hakuna kupanga, ni mmoja tu.

Kitambulisho cha kituoni kisikuumize kichwa, wengi wetu hawatuulizi. Fomu ikiwa bado mezani, weka alama kwenye chama sasa hivi, kabla hujala. Ipige picha upande ule kabla ya kuifunga. Kadi ikifika kwa posta, soma mstari wa chama, na ukiukuta hauna kitu, fomu ni ileile, itume tena wiki hiyohiyo, usingoje 2029. Na mkeo, kama naye ameapa, muulize usiku huu ya kwake aliijazaje.