Umekabidhiwa faili la vibali vya wageni? Soma hapa kwanza

Ukianza kazi ya rasilimali watu hapa Dar kwenye kampuni yenye wafanyakazi kutoka nje ya nchi, wiki ya kwanza tu utasikia, "Na haya ya vibali utayashika wewe." Mimi niliambiwa hivyo miaka tisa iliyopita. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyajua baada ya kuharibu.

Kuna vibali viwili, na wageni wengi hudhani ni kimoja. Cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi hutoka Uhamiaji. Mwajiriwa huombewa ukaazi wa Daraja B. A ni ya mwekezaji, C ya wanafunzi, wamisionari na wengine wa aina hiyo. Kimoja bila mwenzake hakikuokoi.

Kabla hujajaza chochote, jiulize serikali inataka nini. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 ina swali moja linalorudi kila mahali: kwa nini kazi hii isifanywe na Mtanzania? Barua yako ijibu hilo. Wapya kwenye kazi hii huandika sifa za mgeni wao: mchapakazi, mwaminifu, ana heshima. Hizo zinamhusu mkwe wake. Wewe andika ni mashine gani, Mtanzania gani atakaa naye, na baada ya miezi mingapi huyo Mtanzania atabaki peke yake na bisibisi. Huo ndio mpango wa kurithisha ujuzi, na usiunakili kutoka faili la mwaka jana. Niliwahi kubakiza sahihi moja tu kabla ya kuwasilisha mpango ambao "mrithi" wake alikuwa ameshaacha kazi, anafuga kuku Chanika.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na fundi wa mashine kutoka China. Asubuhi moja, kwenye duka letu la Kariakoo, mhudumu alichelewa, bosi akamwambia fundi asimame kaunta kidogo. Maofisa wa kukagua vibali wakaingia wakati huohuo. Jamaa alikuwa na kikokotoo mkononi, anamwonyesha mteja bei. Afande akasoma kibali, akatazama kikokotoo, akasoma tena. "Hapa imeandikwa fundi." Tulishinda siku nzima tukitoa maelezo. Kosa lilikuwa langu: nilimwambia atembee na kibali, sikumwambia kimeandikwa nini.

Leo yule angekuwa na hali mbaya zaidi. Amri iliyotolewa Julai 2025 imewafungia wasio raia aina 15 za biashara: rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni na nyinginezo. Mgeni akikutwa na hatia, faini haipungui milioni 10, au kifungo, na viza na kibali vinafutwa. Mtanzania anayemfichia naye ana adhabu yake. Kwa hiyo bosi akikuita pembeni na kusema, "Leseni tuiandike kwa jina lako," mwambie mama amekataa. Mimi nilisema hivyo, na kazi bado ninayo.

Sasa majina, maana hapa ndipo muda unapoliwa. Mchina huanza na jina la ukoo, lakini mtafsiri wa cheti chake anaweza kuligeuza likaja mwisho. Mhindi wa kusini unaweza kumkuta na jina moja tu, na fomu inadai la ukoo. Mhabeshi hubeba jina la baba, hivyo usishangae mtu na mkewe kuwa na majina tofauti. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi, kwenye mkataba, cheti na fomu. Pasipoti iliyobakiza miezi michache ihuishwe kwanza.

Viza ya biashara, ile ya dola 250 na siku 90, mabosi wanaipenda sana. Ni ya shughuli za muda mfupi. Usikubali igeuzwe ajira.

Vishoka, wale madalali wasio rasmi, wapo kila penye foleni. Tangu 2018 Uhamiaji ilipozindua mfumo wa kielektroniki, maombi unajaza mwenyewe na namba ya malipo unaipata mwenyewe. Anayetaka taslimu mkononi ana shida zake.

Siku hizi kila mgeni mpya namweka chini nusu saa. Tunasoma kibali mstari kwa mstari, halafu namfundisha salamu (afande hata awe mdogo kwake, asalimiwe kwa adabu) na sentensi moja: "Mimi ni fundi, kibali changu hiki hapa." Mmoja aliishika vizuri mno. Kondakta wa daladala ya Gongo la Mboto alipomgongea sarafu akidai nauli, alimtolea kibali.