Mzigo uliolala si mauzo

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya chumba nikimsikiliza kijana wetu mmoja akiwasilisha ripoti ya robo mwaka. Grafu inapanda kama mkwezi aliyeona madafu. Slaidi ya mwisho imeandikwa kwa herufi kubwa: SOKO LIMETUPOKEA. Nikamuuliza swali moja tu: hizo katoni, hivi sasa tunavyoongea, ziko wapi? Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jina la bibi wa bibi yake.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa hasira kidogo na mapenzi mengi, wadogo zangu mliojiunga juzi na timu ya masoko. Kosa hilo, la kuhesabu mzigo uliolala kwa msambazaji kama mauzo, ni langu. Nililifanya kabla yenu, tena kwa ustadi kuwashinda.

1. Mzigo kutoka ghalani kwetu si mzigo uliofika mdomoni kwa mlaji.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, msimamizi wa mauzo wa eneo katika kampuni ya vyakula ya kimataifa ambayo sitaitaja. Tumezindua biskuti zilizoongezwa vitamini. Zikiwa zimebaki siku tisa kufunga robo, niko asilimia 71 ya tageti, na bonasi inaanzia asilimia 95. Nikafanya kile ambacho kila mtu alikuwa akikifanya na hakuna mwongozo uliokitaja: nikasukuma mzigo.

Msambazaji wangu mkubwa alikuwa mzee mpole aliyeanza biashara na mkokoteni. Tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Ghalani kwake kulikuwa na stoku ya kutosha kuuza wiki tano. Nilijua, maana niliihesabu mwenyewe. Nikampelekea ofa: chukua katoni 800, nakupa punguzo na siku 60 za kulipa. Akaniuliza, "Zitatoka, mwanangu?" Nikamjibu kwamba mwezi ujao matangazo yanaanza redioni. Matangazo yalikuwa kwenye mpango, ni kweli. Bajeti yake haikuwa imeidhinishwa, na hilo pia nilikuwa nalijua.

Nikafunga robo kwa asilimia 103. Nikapigiwa makofi, nikaombwa niwaeleze wenzangu "mbinu" zangu, na nikawaeleza!

Bajeti ya matangazo ilikatwa. Robo iliyofuata mzee hakuagiza hata katoni moja, na tageti yangu ilikuwa imepandishwa kwa sababu ya ile 103. Mtego wenyewe ndio huo: ukisukuma leo, kesho itabidi usukume maradufu. Nikatafuta msambazaji mwingine wa kumpakia.

Biskuti zile zilikuwa na miezi tisa ya kukaa rafuni. Mwezi wa saba wa muda huo mzee akapiga simu kuomba turudishe zilizobaki, kwa sababu wateja wake wakubwa walikuwa hawapokei tena mzigo wenye tarehe fupi. Mkataba ulisema bayana kwamba bidhaa ikishapokelewa hairudi, isipokuwa kwa kasoro ya kiwandani. Barua ya kumkatalia niliiandika mimi. Niliianza kwa "Tunathamini sana ushirikiano wetu". Mwanasheria akaipitia, akasema iko safi.

Mzee akauza kwa hasara ili alipe deni letu. Bei ikaporomoka, wasambazaji wa jirani wakaja juu, na chapa tuliyoijenga kwa fedha nyingi ikageuka biskuti za kumalizia stoku. Zilizopitwa na tarehe ziliteketezwa kwa gharama yake yeye. Siku nilipokwenda kusaini hati ya uteketezaji alinivutia kiti, akanipa kalamu, akanionyesha pa kusaini. Siku hiyo aliniita "afisa".

Sikupewa onyo. Mwaka ule nilipandishwa cheo.

2. Hesabu wiki za stoku za msambazaji kabla ya kumwomba oda. Nimemaliza.

3. Sitaki kuona mnyama wa katuni kwenye boksi la kitu chenye sukari nyingi.

Kila kundi jipya linaniletea wazo hili likidhani limeligundua. Chile ilianza mwaka 2016 kulazimisha alama nyeusi yenye pembe nane mbele ya vyakula vilivyozidi viwango vya sukari, chumvi, mafuta au kalori, na vyenye alama hiyo vikakatazwa kuwavuta watoto. Hata Tony the Tiger, yule chui milia wa katuni wa nafaka za Kellogg's, aliondoka kwenye boksi lake. Mkakati wote ukiegemea chui mmoja aliyechorwa, sheria moja tu inawaacha mikono mitupu. Nami nawauliza swali la kabla ya sheria: mtoto wa miaka minne mnamshawishi kwa hoja gani?

4. Sampuli ya bure ina kazi yake, na mahali pengine ina madhara yake.

Biskuti, gawa. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga, hapana, na naomba msome kwa nini badala ya kukariri katazo. Mtoto asiponyonya, maziwa ya mama hupungua. Kopo la bure likiisha, mama hana njia ila kununua. Asipomudu huzimua, na maji yakiwa machafu mtoto anaugua. Nestlé ilianza kususiwa Marekani mwaka 1977 kwa ajili ya uuzaji wa maziwa hayo, na mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa zinazokataza sampuli kwa akina mama na picha za watoto wachanga kwenye makopo. Kura zilikuwa 118 dhidi ya moja. Hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Hata hivyo, mwaka jana mmoja wenu alipendekeza "kifurushi cha kumkaribisha mtoto" kwenye wodi ya wazazi. Alikuwa na nia njema kabisa, masikini. Nilifunga mlango kabla ya kumjibu.

5. Ahadi yenye tarehe ni deni.

Mnapenda slaidi za uendelevu zenye majani ya kijani. Mwaka 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilisaini Itifaki ya Harkin-Engel, zikilenga kufikia 2005 kukabili aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto katika kakao ya Ivory Coast na Ghana. Tarehe ikasogezwa 2008, ikasogezwa 2010, kisha likaja lengo la kupunguza asilimia 70 ifikapo 2020. Ukiona tarehe inasogea hivyo, jua walioiandika hawakumuuliza mkulima anauza gunia kwa bei gani. Kabla ya kuandika mwaka kwenye slaidi, andika jina la mtu atakayeulizwa mwaka huo ukifika.

6. Soma mkataba wa msambazaji wako, hasa kifungu cha marejesho.

Yule kijana wa grafu alinifuata jioni na kompyuta yake. Tukapiga simu pamoja. Wasambazaji wawili, mmoja ana stoku ya wiki 11. Wa pili hakupokea simu. Kesho asubuhi tunakwenda ghalani kwake, na nimemwambia kijana avae viatu vya kuhesabia katoni.