Shahada ya sayansi, teknolojia na jamii: jibu la aliyeisoma

Dogo, umesema umemaliza kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati), umepata nafasi Uingereza kusoma sayansi, teknolojia na jamii, na mzee anauliza hiyo ni sayansi gani isiyo na maabara. Hiyo kozi nimeisoma, London, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka.

Maabara kweli hutaiona. Utasoma, utaandika, utabishana. Mtu wa PCM mwaka wa kwanza anateseka, maana hakuna jibu la kupigia mstari chini. Insha inarudi na wino pembeni: "Nani kasema? Ushahidi uko wapi?" Kama kusoma kurasa nyingi kila wiki kunakuchosha, nenda uhandisi mapema.

Utamu wake sasa. Kazi yangu ya mwisho niliandika juu ya mradi wa karanga wa Kongwa, Dodoma, enzi za mkoloni. Shuleni tulipewa sentensi mbili tu: Mwingereza alileta mradi, ukafeli. Kule nikaenda kuchimba majalada kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London. Tume ya Waingereza ya 1946 ilikagua nchi kwa wiki 9, sehemu kubwa ikiwa angani. Mwaka uliofuata yakaja matrekta yaliyotumika jeshini, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa kiangazi unakauka kama saruji, karanga zikiota kuzing'oa ni shughuli, na mvua nayo ikagoma. Wagogo, wenyeji wa pale, walijua ukame wa nchi yao, ila ujuzi wao haukuhesabiwa kuwa utaalamu. 1951 London ikafunga hesabu kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Kozi haikuulizi trekta lilikuwa na kasoro gani. Inauliza nani aliamua, kwa takwimu za nani, na nani hakuulizwa. Ukishazoea kuuliza hivyo, vikaoni watu watakuona mkorofi (mimi nimeshazoea).

Au chukua M-Pesa. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya kurejesha mikopo midogo. Watu wakatumia kutumiana hela, na ilipozinduliwa 2007 ikauzwa hivyo hivyo. Mhandisi atakueleza ujumbe unavyosafiri. Wewe utaeleza kwa nini wakala wa kona akiishiwa floti (salio lake la kuhudumia wateja), mtaa mzima umekwama.

Ajira ndiyo penye shida. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haitakusajili kwa shahada hii, na matangazo mengi ya serikalini yanataja fani kwa jina, yako haimo. Kabla ya kulipa chochote waandikie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuhusu utambuzi wake, upate jibu la maandishi. Mimi kazi ya kwanza, mradi wa kukusanya taarifa za zahanati kwa simu, niliipata kwa sababu ya takwimu nilizosoma pembeni. Walichonipandishia cheo ni swali: muuguzi aliye peke yake, foleni imefika nje, fomu ya kurasa nne ataijaza saa ngapi? Tukaipunguza.

Kwa hiyo, kama mzee anauza kiwanja kulipa ada, usiende. Soma kompyuta au uhandisi hapa nyumbani. Kama ni ufadhili kamili, nenda, na takwimu uzichukue tangu mwaka wa kwanza. Weka hapa orodha ya masomo waliyokutumia, nikuambie yapi ya kukimbilia.