Kulala Soysambu Kusubiri Safari Rally: Baridi na Jiko la Makaa

SWALI: Mhariri, mimi na binamu zangu tunapanga kulala Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, usiku wa kuamkia Sleeping Warrior, mojawapo ya hatua za mashindano ya magari ya Safari Rally. Sisi ni watu wa Kisumu na baridi hatuizoei. Mjomba, ambaye alikesha mara nyingi barabarani enzi za mashindano ya zamani, anasisitiza kwamba tuingize jiko la makaa ndani ya hema. Je, ushauri wake ni sahihi?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, mpe mjomba heshima yake, lakini jiko msiliingize hemani. Huenda yeye aliotea moto nje, kando ya barabara, kwa kuwa Safari ya wakati ule, iliyoanza mwaka 1953, iliendeshwa usiku na mchana kwa maelfu ya kilomita, na watazamaji walikesha wakisubiri magari yapite. Siku hizi magari hushindana Soysambu mchana. Mnaolala huko mnafanya hivyo kwa sababu barabara hufungwa mapema.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushika damu mahali pa oksijeni, hivi kwamba aliyelala hupoteza fahamu kabla hajatambua kuwa amepatwa na jambo. Kuacha upenyo mdogo wa zipu hakutoshi. Jiko linaloonekana limezimika bado linatoa hewa hiyo, kwa hiyo chemsheni chai nje na mliache huko huko. Msilale pia ndani ya gari huku injini ikinguruma.

Baridi yenyewe ina sababu zake. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, na Elmenteita karibu mita 1,800, tofauti ambayo peke yake hupunguza joto kwa nyuzi 4 hivi. Zaidi ya hapo, ninyi mmelelewa kando ya Ziwa Victoria, linalotunza joto la mchana na kulitoa usiku, ilhali Elmenteita ni ziwa dogo lenye kina kifupi. Mbingu ikiwa haina mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa baridi iliyo nzito huteremka hadi mabondeni. Basi pigeni hema palipoinuka kidogo, ndani ya eneo lililoruhusiwa, kwani hiyo ni hifadhi yenye nyati.

Watu wengi hubeba blanketi tatu za kujifunika na kusahau cha kutandika, kumbe ardhi ndiyo inayowanyonya joto usiku kucha. Tandikeni turubai, kisha kadibodi au magunia makavu, ndipo godoro. Badilisheni soksi na fulana zilizoloa jasho kabla ya kulala, na mvae kofia. Pombe (najua itakuwepo) humfanya mtu ahisi joto ilhali mwili wake unalipoteza. Mwenzenu akitetemeka sana, kisha akaanza kuropoka au kujikwaa, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na mtafute wahudumu wa afya bila kusubiri mapambazuko.

Tangu 2024 mashindano haya yamehamishwa kutoka Juni hadi Machi, mvua za masika zinapokaribia. Bebeni turubai la pili la kufunika hema, na gari liegesheni penye udongo mgumu.