Moto ulijibu, au Moto alijibu?

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Mimi ni mpenzi wa riwaya za Mercedes Lackey, zile za mfululizo wa Elemental Masters. Huwa nawasimulia wadogo zangu kwa Kiswahili, na sasa nimeanza kuziandika kwa ufupi kwenye daftari. Kinachonitesa ni upatanisho. Humo ndani moto una akili, upepo unatumwa, maji yana wenyewe. Nikiandika 'moto alimjibu', mdogo wangu wa kidato cha pili ananirukia: moto ni ngeli ya U-I! Nikiandika 'moto ulimjibu', naona kama nimemuua mhusika. Halafu wale salamanda, ni salamanda zake au salamanda wake? Viumbe wa hewani je, ni viumbe hivi au viumbe hawa? Na hao mabingwa wenyewe, niwaite wachawi?"

Kwa ambao hawajazisoma, hizi ni riwaya ambazo nyingi zimechukua ngano ya Ulaya na kuihamishia kwenye miaka ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. The Fire Rose ya 1995 ni ile ngano ya binti na mnyama, imepelekwa California. Phoenix and Ashes ya 2004 ni Cinderella wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mama wa kambo anamkata binti kidole na kukizika chini ya jiwe la meko, basi binti hawezi tena kwenda mbali na nyumba. Mabingwa wamezaliwa na uwezo juu ya moto, maji, hewa au ardhi, na kila kimoja kina wakazi wake. Salamanda ni wa motoni, undine wa majini, silfu wa hewani, na ardhini kuna vijitu vya chini kwa chini. Mpango huo wa wakazi wanne ni wa Paracelsus, tabibu wa Uswisi wa karne ya 16. Mwandishi ameurithi tu.

Sasa swali. Nianze na mdogo wako, dada, kwa sababu ana hoja. Kusema peke yake hakumtoi mhusika kwenye ngeli yake. Katika ngano zetu boga limesema, ngoma imeimba jina la muuaji, mti umeinama ili msichana apande, na hakuna mjukuu aliyemkatiza bibi. Methali nazo zimeshikilia hapohapo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: zimwi linajua, linakula, tena linachagua wa kumbakiza, na bado ni li- mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo "moto ulimjibu" ni Kiswahili safi kabisa, na mhusika wako hajafa.

Lakini hoja ya mdogo wako ina mpaka. A-WA haiangalii umbo la neno. Inaangalia kama mwenyewe ni mtu, mnyama au kitu chenye nafsi, na ikimtaka inamnyakua popote alipo. Kinyozi ana ki- ya kiti na kisu, ila hajinyoi. Hakuna anayesema "hakijinyoi". Ng'ombe wa maskini hazai. Hivyo usijiulize kama moto umesema. Jiulize moto huo ni nani katika hadithi. Ukiwa moto uliopewa sauti kwa sentensi mbili kisha ukarudi kuwa wa kupikia, mwachie mdogo wako ushindi. Ukiwa na jina, kinyongo na kumbukumbu za jana, huyo ni A-WA, na mwandike kwa herufi kubwa: Moto alijibu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko kwenye kitabu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani. Fungua Biblia ya Union, Mwanzo sura ya 1, mstari wa 2: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Ni ya, ni i-. Kisha nenda Luka 3:22, kwenye ubatizo: Roho Mtakatifu "akashuka". Neno ni lilelile, na tafsiri ni moja. Pale mwanzo wa dunia roho imesemwa kama pumzi. Kwenye mto Yordani imekuwa nafsi inayoshuka kwa umbo la hua. Unaweza kubishana na watafsiri kuhusu theolojia, na watu wamebishana, lakini kisarufi walijua walichofanya.

Tena kuna Ufunuo 12:3, ambao mimi huupenda zaidi kwa sababu unachanganya ngeli mbili ndani ya pumzi moja. Anatokea "joka kubwa jekundu", sifa za LI-YA hizo, halafu mara moja "alikuwa na vichwa saba". Macho yanaona kwanza dude, li-, ndipo akili inashtuka kwamba dude hilo ni mtu fulani. Mistari michache baadaye limeshakuwa "yule joka". Mwalimu angeweka mstari mwekundu hapo. Mimi ningewaonyesha wanafunzi, kwa sababu msimuliaji wa riwaya kama zako anaihitaji mbinu hii.

Na Kiswahili kimekuwekea mtego mtamu hasa kwenye moto na upepo. Angalia: moto mkali, mtu mkali. Moto wake, mtoto wake. Moto mwekundu, moto wa babu. Sifa na vimilikishi vya moto vinafanana herufi kwa herufi na vya mtu, na upepo ni vilevile: upepo mkali, upepo wake. Kinachotoa siri ni hasa kitenzi na kionyeshi, yaani u- au a-, huu au huyu. Kwa hiyo unaweza kuandika aya nzima ya moto wake mkali, mwekundu, wa siku nyingi, msomaji asijue kama ni kitu au ni mtu, mpaka ufike kwenye kitenzi: "Moto wa mekoni, mwekundu, mzee kuliko nyumba, akageuka." Hiyo a- moja ndiyo tukio. Usiitumie kwenye sentensi ya kwanza. Maji na ardhi havina maficho hayo, kwa sababu "maji makali" na "ardhi kavu" vinajitangaza tangu kwenye sifa.

Ukitaka njia ya mkato, mpe cheo. Bwana Upepo, Mzee Moto, Bibi Maji: cheo kikishakaa mbele, A-WA haina mjadala, hata mdogo wako atanyamaza. Isipokuwa mimi singekipa cheo kila kitu. The Fire Rose inatufikisha kwenye tetemeko lililoipiga San Francisco alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906. Hapo andika "ardhi ikatikisika", basi. "Ardhi akatikisika" itawachekesha watoto mahali pasipotakiwa kicheko, na tetemeko lililoua maelfu ya watu halihitaji msaada wa sarufi ili litishe.

Kuna kero moja hukuiuliza lakini utakutana nayo. Wakikaa wawili pamoja je? Moto na maji walipatana, au vilipatana? Vitu vya ngeli mbalimbali vikiunganishwa kwa "na", kawaida huangukia vi-: jua na upepo vilishindana. Wakishakuwa wahusika, walishindana. Hapa huwezi kukaa katikati. Kama ukurasa uliopita moto "uliondoka" na maji "yalirudi", usiniletee ghafla "wakakumbatiana". Ama wote wawe watu kabla hawajakutana, au vitu vikumbatiane na tuone vinavyofanya.

Salamanda ni wepesi. Ni neno la kigeni, limeingia kama wanyama wengine walivyoingia, halibadiliki katika wingi: salamanda mmoja, salamanda wawili, salamanda wale wanaomtumikia Jason Cameron, bingwa wa moto wa The Fire Rose, nyumbani kwake. Kitenzi ni A-WA. Kwenye umiliki ndipo watu hugawanyika. Wanyama huchukua wa-: mbwa wake, paka wake. Jamaa na marafiki walio kwenye umbo la N hubaki na y- na z-: rafiki yake, rafiki zake, jirani zake. Watu wa pwani utawasikia pia wakisema ng'ombe zangu, mbuzi zangu, wakihesabu mali. Basi chaguo lako lina maana. "Salamanda zake" inanukia mali, ya kuhesabiwa na kufungiwa. "Salamanda wake" ni viumbe hai. Mimi naandika wake, kwa kuwa hawa wana hiari na hasira zao, lakini bwana akiwadharau, zake kinywani mwake itamvua nguo.

Kwa silfu, jihadhari na neno "pepo". Wingi wa upepo ni pepo: pepo za msimu zinavuma, kusi na kaskazi. Lakini pepo mchafu anatolewa, pepo wabaya wanapanda watu kichwani, na peponi ni kwingine kabisa. Ukiandika "pepo zake zikamzunguka" umesema hali ya hewa. "Pepo wake wakamzunguka" na jirani ataenda kutafuta ubani. Kaa na silfu.

Viumbe hivi, viumbe hawa: vyote vinasemwa na vyote ni sahihi. Kitabu cha baiolojia kitakuambia viumbe hai vinavyoishi majini, kwa sababu kinaviangalia kwa mbali. Hadithi iko karibu zaidi, na huyu anayekunong'oneza sikioni ni kiumbe huyu. Vijitu vya ardhini, hapana, hao waache na vi- yao: kijitu kikacheka, vijitu vikakimbia. Udogo na utundu umo kwenye ki-, na ukiwapa A-WA unawapa heshima ambayo wenyewe hawaitaki. Jitu na zimwi ni hivyohivyo kwa upande wa ukubwa, li- inatisha.

Kuhusu wachawi, kwa kifupi: mabingwa hao usiwaite hivyo. Mchawi kwetu ni mtu wa kudhuru, wa usiku, na huwezi kumwita hivyo mhusika mwema kisha ukatumia kurasa kumi kumsafisha. "Bingwa wa moto", "bingwa wa maji" inatosha. Katika The Serpent's Shadow ya 2001, ambayo ni Snow White ya London ya 1909, Maya Witherspoon ni daktari wa hospitali aliyetoka India, tena anaponya kwa nguvu zake za kuzaliwa. Hapo Kiswahili kimekupa zawadi, kwa sababu mpaka leo serikali ya Tanzania ina Mganga Mkuu wa Mkoa mwenye shahada ya udaktari, na mtaa wa pili kuna mganga mwenye mizizi na hirizi. Maya ni wote wawili. Mwandike mganga, na neno mchawi mpe Shivani, ndugu wa mama yake, anayemwinda mji mzima.