Kuchuma ndiyo kazi ndogo: mafunzo ya Archibald Menzies kwa wakusanyaji mimea wapya

Wengi wanaoanza kazi katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyobanwa na kukaushwa, huja na hamu kubwa ya kwenda porini, na ni wachache mno wanaofikiria yatakayoupata mmea baada ya kukatwa. Huwa nawashauri wasome kwanza habari za Archibald Menzies, Mskoti aliyekuwa daktari mpasuaji na mtaalamu wa mimea, kwa kuwa safari zake zinaonyesha waziwazi yale yanayookoa mkusanyo na yale yanayouangamiza.

Menzies alizaliwa mwaka 1754 huko Weem, karibu na Aberfeldy. Alianza kwa kazi ya bustani, akafika Bustani ya Mimea ya Edinburgh, na huko Profesa John Hope akamhimiza asomee utabibu. Ushauri huo ulikuwa wa busara, maana zama zile ilikuwa nadra mtu kugharamiwa safari ya kuzunguka dunia kwa ajili ya mimea tu, ilhali merikebu za kivita zilihitaji wapasuaji. Aliingia katika jeshi la majini la Uingereza akiwa msaidizi wa mpasuaji, na mwaka 1786 akasafiri kwa merikebu ya biashara, Prince of Wales, hadi pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, akarejea mwaka 1789. Nanyi msione haya kuingia msafarani kwa mlango wa kazi nyingine, iwe udereva, uchoraji wa ramani au huduma ya kwanza. Ila mjue kwamba kazi iliyowaingiza ndiyo mtakayodaiwa kwanza.

Wakati mwingine hata kazi ambayo hukuajiriwa kuifanya hukufuata. Katika safari yake kubwa, ya mwaka 1791 hadi 1795 ndani ya merikebu Discovery, Menzies alipanda akiwa mtaalamu wa viumbe, mikononi ana maagizo marefu ya Sir Joseph Banks, mwanasayansi wa London aliyeisimamia bustani ya mimea ya Kew. Mwaka 1792 mpasuaji wa merikebu akaugua na kurudishwa kwao, na Menzies akatwikwa wagonjwa juu ya mimea yake, tena katika zama ambazo kiseyeye kiliwatesa mabaharia wa safari ndefu. Pamoja na hayo hakuacha kuandika shajara, na Februari 1794 alipopanda mlima Mauna Loa huko Hawaii alipima kimo chake kwa barometa, akapata jibu lililo karibu sana na kipimo cha leo.

Kwenye uandishi sina mzaha. Andikeni palepale mmea unapokatwa, kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi husambaa karatasi ikinyeshewa. Rangi ya ua iandikwe kabla ya kulibana, maana ua la buluu huweza kuwa kahawia ndani ya siku chache na hapo hakuna atakayeamini kumbukumbu yenu. Kwenye misitu yenye unyevu, magazeti yaliyo kati ya mbao za kubania yabadilishwe kila siku, la sivyo ukungu utaanzia kwenye vikonyo, na mtakapougundua utakuwa umeshafika kwenye majani. Kisha andikeni ripoti wenyewe. Menzies alichapisha machache, na mimea mingi aliyoileta ikaelezwa na wataalamu wengine. Jina lake limebaki katika majina ya kisayansi ya miti kama Pseudotsuga menziesii na Arbutus menziesii kwa sababu wengine walimkumbuka, jambo ambalo si la kulitegemea.

Mkasa unaonihusu zaidi ni wa kasha la vioo. Banks alikuwa ameagiza lijengwe sitahani, upande wa tezi, ili mimea hai isafirishwe hadi bustani ya Kew. Mwezi Julai 1795, merikebu ikielekea nyumbani, nahodha George Vancouver alimchukua mtumishi aliyelitunza akampangia zamu ya ubaharia. Mvua kubwa ikanyesha kasha likiwa wazi, na mimea mingi ikaharibika. Menzies alilalamika kwa ukali, naye nahodha akamweka kizuizini kwa utovu wa adabu. Miongoni mwa iliyonusurika ni miche mitano ya araukaria, mti wa Chile, ambao yasimuliwa kwamba mbegu zake alizipata mezani alipoalikwa chakula na gavana.

Wanaosoma habari hii huwa upande wa Menzies. Mimi naona nahodha naye alikuwa na haki ya kupanga watu wake, na kwamba kosa lilianzia London, ambako kasha lilitolewa maagizo ya kina bila kuamuliwa mtumishi yule angemtii nani pindi wakubwa wawili wakimhitaji saa ileile. Kwa hiyo kabla gari halijaondoka, mwombeni kiongozi wa msafara aandike na kutia saini nani atamwagilia miche, nani atashika zamu yake akiugua, na nani mwenye idhini ya kumwondoa kazini.