Vita viliisha, sheria zikabaki

Umeuliza kwa nini wenyeji asilia wa Marekani bado wanadai ardhi ilhali vita viliisha zamani. Ni kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilichukuliwa kwa sheria baada ya bunduki kunyamaza. Mkoloni wa mahali pengine alitaka mazao na vibarua. Mlowezi alikuja kukaa moja kwa moja, kwa hiyo kwake mwenyeji alikuwa kikwazo.

Tazama Sheria ya Dawes ya 1887. Ardhi ya pamoja ya makabila ilikatwa vipande, kwa kawaida ekari 160 kwa mkuu wa familia, na iliyosalia ikaitwa ya ziada, ikafunguliwa kwa walowezi. Kutoka ekari milioni 138 hivi, kufikia 1934 zilibaki kama milioni 48. Na balaa lenyewe halijaisha: mwenye kipande akifa, warithi hurithi hisa bila shamba kugawanywa, kizazi baada ya kizazi, hadi shamba moja leo linaweza kuwa na wamiliki mamia. Ukitaka kulikodisha, tafuta kwanza ridhaa ya watu usiowajua hata kwa sura.

Watoto nao walipelekwa shule za bweni kama ile ya Carlisle, Pennsylvania, iliyofunguliwa 1879. Walikatwa nywele, wakapewa majina mapya, wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao. Hili linaniuma kuliko ekari zote, maana wengi wao walipokuja kuwa wazazi hawakuthubutu kuwafundisha wanao lugha hiyo.